Mtumbwi wa mbao ukivuja hauumwi, una kiu

Juzi kijana mmoja kanitumia picha ya mtumbwi wa mbao aliorithi, umekaa bandani miaka, mianya imefunguka mpaka unaona mwanga upande wa pili. Chini kaandika "nshanunua epoksi, leo naziba yote". Nikampigia hapohapo, hakupokea. Huyo wa tatu tangu mwaka uanze, na wote mnakimbilia hiyo gundi utadhani mtumbwi una miguu utawatoroka. Ngoja niandike mara moja, nimechoka kurudia kama kasuku.

1. Kabla ya msasa, ugeuze ufudifudi juu ya stendi tatu, sio mbili, halafu chukua bisibisi nyembamba uchome kila mahali, hasa ncha za mataruma, zile mbavu za ndani, ambako maji ya mvua hulala. Ikizama kama kwenye sabuni basi pameoza, kata mpaka ukute mbao ngumu. Usipake rangi ukajifanya hujaona. Mi nshajifanya, nikajifanya miezi minne tu.

2. Misumari ya chuma toa yote, kutu inakula mbao pembeni yake. Weka ya shaba. Basi.

3. Hapa ndo mkae chini. Mtumbwi wangu wa kwanza ulikuwa wa mjomba, mbao zimepangwa ubavu kwa ubavu, katikati pamba ya kalafati, ile inayogongelewa kwenye mianya kuzuia maji. Nikauweka chini ya bati miezi saba "ukauke vizuri". Ukakauka kweli, kila ubao ukasinyaa, mianya ikaachama, na mimi nikaona hiyo ndo kazi ya kishujaa niliyokuwa naisubiri. Nikang'oa pamba yote, nikachanganya epoksi na unga wa mbao, nikajaza kila mwanya mpaka mdomoni, msasa siku nne, vanishi mikono sita. Ukawa unang'aa unaweza kunyolea ndevu. Nikaita watu! Tukaushusha majini haukuvuja hata tone, nikatembea kifua mbele, nikaanza hadi kuwashauri wenzangu (naombeni radhi kwa wote niliowashauri wiki ile).

Vanishi ilichelewesha tu msiba. Siku ya tatu asubuhi nikasikia "ka!" nikajua kasia limeanguka. Ikaja "ka!" nyingine. Mbao zilikuwa zinakunywa maji na kuvimba, ndo kawaida yao, ila nafasi ya kuvimbia nilishaijaza jiwe. Pamba inabonyea, epoksi haibonyei, kwa hiyo mbao zikasukumana zenyewe kwa zenyewe, zilipokosa pa kwenda zikasukuma mataruma, matano yakapasuka katikati, vichwa vya misumari vikazama ndani ya mbao vikatokea upande wa pili, na ubao wa chini kabisa ukaachana na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini. Mtumbwi uliokuwa unavuja kidogo ukawa chujio.

Mjomba akaja, akauzunguka mara mbili. "Umekaa mkavu miezi mingapi?" Saba, mjomba. "Na maji uliupa siku ngapi?" Nikanyamaza. Akaondoka bila kuaga, na mjomba wangu ni mtu anayeaga mpaka mbuzi. Kuitoa ile epoksi kwa patasi ilinichukua miezi mitano, mkono wa kulia mpaka leo unanikumbusha.

Kwa hiyo unyweshe kwanza. Magunia yaliyolowa ndani, unayarudishia maji asubuhi na jioni, siku kadhaa hata wiki mbili, mianya mingi itajifunga yenyewe. Isiyojifunga ndo uikalafati, pamba laini, na usigonge kama una ugomvi nayo. Na usije ukaujaza maji mpaka juu ukiwa kwenye stendi, lita 300 ni kilo 300, utauvunja mgongo ukiwa nyumbani kwako.

Wa gogo moja hauhusiki hapa, huo hauna maungio. Ugonjwa wake ni kupasuka kwenye ncha kwa jua, weka kivulini umemaliza.

4. Epoksi sio adui, ufa katikati ya ubao inaufaa sana, mbao ikiwa kavu. Ila pima vipimo vya kwenye kopo. Kuzidisha hadina, ile dawa ya kuigandisha, hakuharakishi kitu, inabaki inanata milele. Na usikoroge kopo zima kwa mpigo, langu moja lilianza kufuka moshi mkononi.

5. Vitambaa vya mafuta ya linsidi usivikunje ukavitupa kona, vinajipasha moto vyenyewe mpaka vinawaka. Vitandaze nje vikauke.

6. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, yale madini ya sumu. Lowesha ndo usugue, vaa barakoa, watoto mbali.

Yule kijana kanijibu usiku, kashaziba upande mmoja. Nimemwambia anoe patasi.