Jibu: Bodi ya plastiki imepasuka, gundi haishiki

Kaka, habari za Mafinga. Unasema bodi ya gari lako la zamani la nchi kavu na majini ina ufa karibu na ekseli, na gundi zote zinabanduka. Anza kwa kukata kipande kidogo, kisugue kisafike, ukitie majini. Kikielea, yaelekea ni polithini, jamii moja na madumu. Hiyo achana na gundi, ichomelewe kwa hewa ya moto na vijiti vya plastiki hiyohiyo. Kikizama, kidondoshee asetoni, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi. Kikilainika na kunata, yaelekea ni ABS, aina ya plastiki ngumu, na hiyo inatengenezeka vizuri sana! Toboa tundu dogo kila ncha ya ufa usiendelee kutambaa, kisha yeyusha vipande vya ABS kwenye asetoni mpaka upate uji mzito, upake kwa ndani. Fanyia nje, mbali na moto. Huku Uyole, Mbeya, asubuhi za Julai uji huo hukauka polepole mno, kwa hiyo mimi husubiri jua lipande.