Kupima mtetemeko wa mkono kwa video ya simu
Ndugu, nimekuelewa: mzee ana Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko), nawe unataka kompyuta ipime mtetemeko wa mkono wake kwenye video. Inawezekana. Mkono ukiwa umetulia, mtetemeko huo kwa kawaida ni mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kwa hiyo picha 30 kwa sekunde zinatosha. Mimi hupenda 60. Adui ni mwanga hafifu: vidole vinakuwa ukungu na MediaPipe (programu inayofuatilia mkono kwenye video) inapoteza alama zake 21 za mkono. Simu ikae kwenye stendi (ukiishika, utapima mkono wako!). Mkono wa mzee ulale pajani huku akihesabu kinyumenyume. Andika saa aliyomeza dawa, la sivyo hutaweza kulinganisha siku mbili. Dozi usiiguse, mpelekee daktari wa neva video zenyewe, si grafu tu. Akianza kuangukaanguka, usisubiri vipimo vyako.