Jina la mama: la ndoa au la kwao?

Uliyeuliza jina lipi la mama liingie kwenye faharasa ya vizazi (orodha ya majina ya waliozaliwa): weka la kwao, alilozaliwa nalo. La ndoa kwa kawaida tayari liko kwa baba. Kuwa macho na vyeti vya Uingereza, maana mama aliyeolewa mara mbili hubeba majina matatu: "Mary Brown, late Jones, formerly Smith". Brown ni mume wa sasa, Jones wa kwanza, Smith ndiyo kwao. Chukua Smith. Tahajia ya karani iache ilivyo, hata ikikukera. Pa jina la kwao mama pakiwa patupu acha patupu. Ukijaza jina la baba unamzulia mtu bibi asiyekuwepo. Faharasa za zamani za Uingereza zilianza kuonyesha jina la kwao mama 1911 tu.