Kwa nini manjano hayakai kwenye pamba, na jinsi ninavyoandaa kitambaa nyumbani

Dada uliyeuliza kwa nini kitambaa ulichokitia rangi kwa kiungo cha manjano kiligeuka chekundu ulipokifua, na kama kazi hii ya kutia vitambaa rangi za asili inafaa kufanyiwa nyumbani, nakujibu kwa yale ninayoyafanya uani kwangu hapa Tanga, Chumbageni.

Manjano hugeuka wekundu yakikutana na magadi, na sabuni nyingi za kufulia zina asili hiyo. Ukisuuza kwa maji ya limau umanjano hurejea, lakini jua litaufifisha tu, kwa hiyo kwa nguo ya kuvaliwa mimi siutegemei. Natumia maganda ya vitunguu maji, ambayo wauzaji wa soko la Mgandini huyatupa, nayo hutoa rangi ya dhahabu hadi kahawia.

Hata hivyo, rangi yoyote utakayoichagua, kushika kwake kunaamuliwa kabla ya kuipika, kwa sababu pamba haipokei rangi kwa urahisi kama sufu au hariri. Kitambaa kipya kina dondo (wanga wa kukikaza) na mafuta ya kiwandani, hivyo nakichemsha kwanza kwa sabuni na magadi kidogo hadi maji yanayotoka yawe safi. Kisha nakiloweka usiku kucha katika maji ya maganda ya komamanga au majani ya mti wa mkungu, ambayo yana ukakasi unaoshikamana na pamba. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo ninayokusihi usiiruke. Baada ya hapo nakitia shabu, ile chumvi ya alumu inayoshikisha rangi, iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, hivyo mizani ndogo ya jikoni ni ya lazima. Rangi yenyewe naipika kwa moto mdogo, nakiacha kitambaa kipoe humo humo, na kukianika kivulini.

Ukitaka kijivu au weusi, loweka misumari yenye kutu katika siki, kisha tia maji yake kidogo sana kwenye kitambaa kilichokwisha kupata ukakasi. Chuma kikizidi huila pamba.

Kuhusu mishono, chagua uzi kwa makusudi. Nakshi unayotaka ipate rangi pamoja na kitambaa idarizi kwa uzi wa pamba. Kuujua uzi, choma ncha yake, na ikiwaka kama karatasi na kuacha jivu laini ni pamba, ikiyeyuka na kuganda ni poliesta. Poliesta nayo ina kazi yake: napiga bandi (mishono ya muda) kwa mistari, navuta uzi hadi kitambaa kijikunje na kubana, natia rangi, kisha nafumua, na palipobanwa panabaki peupe. Uzi wa pamba ungeweza kukatika wakati wa kuvuta.

Magome ya mkoko hutoa wekundu wa kahawia unaopendeza mno, lakini misitu ya mikoko ni hifadhi na kuikata kunahitaji kibali, hivyo mimi siyatumii. Sufuria ya kazi hii itenge kabisa na ya chakula, na shabu iweke mbali na watoto.