Kijapani kwa simu tu: programu zipi zinafaa, na zinaishia wapi

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyeko Dodoma, hana mwalimu na bando lake ni la kuungaunga, anaweza kujifunza Kijapani kwa simu peke yake. Kusoma anaweza. Kuongea ni habari nyingine.

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji ipo Kizota. Magari mengi ninayoletewa ni mitumba ya Japani. Ukiwasha swichi tu, mdada anaongea: "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen", yaani kadi ya kulipia barabara za kwao haijaingizwa. Kuna wateja hudhani gari linalalamika ubovu! Ndiyo iliyonitia hamu.

Anza na hiragana na katakana, seti mbili za herufi za sauti za Kijapani, herufi 46 za msingi kila moja. Duolingo inatosha kwa hilo, na ukishazishika zima romaji (Kijapani kilichoandikwa kwa abc), la sivyo macho yatakimbilia abc kila mara. Baada ya hapo using'ang'anie. Ule mchezo wake wa kulinda siku mfululizo unanogesha kuliko lugha yenyewe.

Kazi yenyewe iko Anki, programu ya kadi za kukariri. Kwenye Android ni bure (AnkiDroid), iPhone unalipia. Unatengeneza kadi, mbele neno, nyuma maana. Ukilikumbuka linakaa muda mrefu ndipo lirudi, ukilisahau linarudi fasta. Haili bando. Kadi za kupakua zipo tele, ila tengeneza na zako. Mimi napiga picha skrini za redio za magari: 戻る (modoru) ni kurudi nyuma, 目的地 (mokutekichi) ni unakokwenda, ingawa ramani yenyewe bado inadhani tupo Japani. Neno ulilolibonyeza kwa kidole mchana, usiku halikupi tabu.

Kamusi weka Takoboto, inafanya kazi bila mtandao. Ukikutana na kanji (zile herufi zenye asili ya Kichina, kama 戻) usiyojua inavyosomwa, ichore kwa kidole kwenye kibodi ya Gboard, kisha inakili uitafute. Kanji za matumizi ya kawaida ni 2,136, kwa hiyo taratibu.

Matamshi tuna bahati, irabu zao zinakaribiana sana na zetu. Angalia urefu tu: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Sikiliza masomo ya NHK World, redio ya Japani ya kimataifa, yapo hadi kwa Kiswahili. Pakua sauti ukipata WiFi.

Sasa kuongea. Programu inakusubiri ufikirie, mtu hakusubiri. Tafuta Mjapani kwenye HelloTalk mbadilishane lugha, muanze kwa ujumbe wa sauti mfupi. Wao wapo mbele yetu kwa saa 6. Ukipiga saa 3 usiku baada ya kazi, kule ni saa 9 usiku, hakuna atakayepokea. Mimi natumia saa 8 au 9 mchana, jua la Dodoma likiwa limewafukuza wateja gereji.