Kupiga CT ya moyo: ushauri kwa wanaoanza kazi

Ninyi mnaoingia sasa katika chumba cha CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili kwa vipande, mtafundishwa mapema namna ya kuchagua volteji, kiasi cha kontrasti (dawa inayodungwa ili mishipa ionekane) na unene wa vipande vya picha, na yote hayo ni ya lazima. Hata hivyo, katika picha za mishipa ya korona, yaani inayoulisha moyo damu, kinachoniharibia kazi mara nyingi kuliko kingine chochote ni mwendo wa moyo wenyewe, na mwendo huo hushughulikiwa kabla gantri, ile pete ya mashine inayomzunguka mgonjwa, haijaanza kuzunguka kwa ajili ya picha.

Hesabu yake inafaa kukaa kichwani. Mashine yenye tyubu moja ya eksirei huhitaji data ya takribani nusu mzunguko ili kuunda kipande kimoja cha picha, hivyo gantri inayomaliza mzunguko kwa sekunde 0.35 hutumia milisekunde 175 hivi, ilhali mashine za tyubu mbili, zilizotambulishwa mwaka 2005, hutosheka na robo ya mzunguko. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika hutumia milisekunde 1,000 kwa kila pigo, na kwenye asilimia 70 hadi 75 ya muda huo, ukiwa umelegea, hutulia kwa kitambo kinachotutosha. Mapigo yakifika 90, milisekunde zinazobaki ni 667 tu, na sehemu inayopungua zaidi ni hiyohiyo ya kulegea. Ndiyo sababu kwa mapigo ya kasi tunahamia mwishoni mwa kusinyaa, kati ya asilimia 35 na 45.

Mshipa wa korona wa kulia ndio wa kutazama kwanza, kwa kuwa unapita katika mfereji ulio kati ya atiria (chumba cha juu cha moyo) na ventrikali (chumba cha chini) ya kulia na huyumba kuliko mishipa mingine. Mkiuona katikati yake una umbo la mwezi mwandamo badala ya duara, msiutume hivyo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilimtumia daktari picha za awamu moja pekee, yaani za sehemu moja tu ya muda wa pigo, na mshipa huo ukaonekana kana kwamba umeziba kwa sehemu. Aliomba awamu nyingine, na tulipounda upya picha kwenye asilimia 40 ukaonekana mzima. Tuliokolewa na kwamba data ya awamu hiyo ilikuwepo. Tunapopiga picha katika dirisha jembamba la ECG, yaani kwa sehemu fupi tu ya kila pigo linaloonyeshwa na kipimo cha umeme wa moyo, ili kumpunguzia mgonjwa mionzi, jambo ambalo ni sahihi kwa moyo unaopiga polepole na kwa mpangilio, awamu tusizozichukua haziwezi kupatikana tena, na kwa hiyo uamuzi wa upana wa dirisha lazima ufuate mapigo mliyoyaona kwenye skrini, wala si mazoea.

Hayo mapigo yaangalieni mapema. Mgonjwa aelezwe asinywe kahawa wala chai ya rangi kwa saa 12 kabla ya kipimo. Daktari akiagiza dawa ya metoprololi ili mapigo yashuke chini ya 65, ulizeni tena kuhusu pumu, shinikizo la chini la damu na hitilafu za umeme wa moyo, hata kama fomu imejazwa. Nitrogliserini hutanua mishipa tukaiona vizuri, lakini huweza kupandisha mapigo kidogo, na haipewi mtu aliyetumia sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, karibuni.

Kisha fanyeni naye zoezi la kushika pumzi, zaidi ya mara moja, macho yenu yakiwa kwenye ECG na si kwenye kompyuta ya kupanga picha. Wapo ambao mapigo yao hushuka baada ya sekunde chache za kushika pumzi, na wapo wanaovuta hewa kwa nguvu mno mapigo yakapanda. Huyu wa pili mwambieni avute kiasi tu. Mwelezeni pia kwamba kontrasti itamletea joto mwilini na pengine ahisi kama amejikojolea. Nimeona mapigo ya 58 wakati wa zoezi yakipita 75 kontrasti ilipoingia, kwa sababu mama yule hakuambiwa na aliogopa.

Baada ya picha, mkiona mishipa imekatika kama ngazi, fungueni picha ya kutoka ubavuni na mtazame mfupa wa kidari. Ukiwa nao umekatika, mgonjwa alipumua au alisogea. Ukiwa umenyooka na moyo pekee ndio umekatika, tafuteni pigo lililokuja kabla ya wakati wake katika ECG iliyohifadhiwa, mliondoe pigo hilo ikiwa data inaruhusu, na muunde picha upya kabla mgonjwa hajashuka mezani.