Kwa mnaoanza kazi mapokezi: barua pepe zinazotaka siri za wageni

Mkianza kazi kwenye nyumba za wageni za Lamu, mtakabidhiwa funguo za vyumba na nywila ya kompyuta siku moja. Funguo mtaelezwa kwa kirefu, upi wa darini, upi wa lango la nyuma. Nywila mtaandikiwa kwenye kikaratasi, basi. Mimi naiogopea zaidi nywila. Ndani ya kompyuta ile mna nakala za pasipoti, namba za simu na tarehe za safari za watu ambao hata hawajapanda ndege.

Mwaka wangu wa kwanza pale Shela, mwezi wa Desemba, nyumba ikiwa imejaa, ilikuja barua pepe asubuhi nikiwa peke yangu. Mgeni analalamika kwamba alilala na kunguni, ameambatisha picha, na tusipojibu ndani ya saa 24 nyumba yetu itaondolewa kwenye tovuti ya kuwekea nafasi. Nembo ilikuwa ile ile, rangi ile ile. Nikabonyeza. Ukurasa ukaomba nywila, nikaandika. Ukaniambia nimekosea, nikaandika tena. Kisha nikajikuta kwenye ukurasa wetu halisi, na picha ya kunguni hakuna.

Moyo uliniambia hapa pana jambo. Nikanyamaza, nikaenda kuwapokea wageni gatini.

Kesho yake jioni mgeni wa Italia akapiga simu: kwa nini tunamtaka alipe tena kwa kadi, na haraka, la sivyo chumba kitakwenda? Ujumbe ule aliupata ndani ya tovuti yenyewe, kwa jina letu, ukiwa na jina lake, chumba chake na tarehe zake. Ndivyo wizi huu unavyofanya kazi. Mwizi anakaa kwenye kiti chako, anazungumza na wageni kwa sauti yako, nao wanamwamini kwa sababu wanakuamini wewe. Yule alipiga simu kuuliza kwanza. Mwingine hakuuliza, alilipa.

Nilipomweleza mama mwenye nyumba, hakupiga kelele.

"Uliandika lini hiyo nywila?"

"Jana asubuhi, Mama."

"Na mbona hukunambia jana, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Mimi kiliniumbua kwa simu ya mtu aliye ng'ambo ya bahari. Kubonyeza kungesameheka. Zile saa za kunyamaza ndizo zilizompa mwizi nafasi ya kuandikia wageni wote wa mwezi ule.

Zamani tuliambiwa tutazame makosa ya lugha. Siku hizi barua hizo zimenyooka kuliko zetu, kwa hiyo tazameni anwani. Kwenye kompyuta, weka kipanya juu ya kiungo bila kubonyeza, anwani itatokea chini ya skrini. Kwenye simu, shikilia kidole mpaka ijitokeze. Sasa tafuta alama ya / ya kwanza baada ya https://, kisha soma kurudi nyuma, kuelekea kushoto. Maneno yaliyo karibu na alama hiyo ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti. Anwani ya kodi inayoishia kra.go.ke ni ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, maana go.ke ni ya taasisi za serikali. Lakini kra.go.ke ikiwa mwanzoni, halafu yakafuata maneno mengine mpaka .com, yale ya mwanzo ni pambo tu. Wageni pia watawauliza kuhusu kibali cha kuingia nchini, eTA, kilichoanza Januari 2024. Wapeni etakenya.go.ke, wasiende kutafuta wenyewe, kwa sababu tovuti za kuigiza zipo.

Barua ikikuhimiza, usipite njia iliyokuchorea. Funga, fungua tovuti mwenyewe kama unavyoifungua kila siku, utazame kama malalamiko hayo yapo.

Kuna nyingine haiombi nywila kabisa, na hii naomba muisome mara mbili. Machi 2025 Microsoft ilieleza kuhusu barua zilizojifanya zimetoka Booking.com na kulenga wafanyakazi wa hoteli. Ukibonyeza, unaambiwa uthibitishe kuwa wewe si roboti: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukifuata, umebandika na kuendesha amri ya mwizi kwa mkono wako, na programu yake imeingia. Hakuna uthibitisho wa kweli unaokutaka ufanye hivyo.

Ukishabonyeza, mwambie mwenye nyumba hapo hapo, hata kama ni saa nane za usiku. Badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili (nywila peke yake isitoshe kuingia), ijulishe tovuti ya nafasi, kisha wapigie wageni. Aliyetoa namba ya kadi apigie benki yake.

Barua yenyewe usiifute. Ipige picha ya skrini, andika saa iliyofika, uipeleke KE-CIRT, kituo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa incidents@ke-cirt.go.ke. Ukiweza, itume kama kiambatisho, kwa sababu ukiielekeza kawaida alama za njia ambayo barua ilipitia hupotea. Ujumbe mfupi wa kitapeli kwenye laini ya Safaricom unaelekezwa 333. Kosa hili la kuwalaghai watu watoe siri zao lina kifungu chake, cha 30, katika sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018: faini isiyozidi shilingi 300,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Na kama data za wageni zimechukuliwa na zinaweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye nyumba amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Saa hizo ni chache, nasi mapokezi ndio tunaojua kwanza. Sisi baada ya mkasa ule tuliondoa nakala zote za pasipoti kwenye barua pepe, na namba ya simu ya Mama tukaibandika ukutani, juu ya ndoano za funguo.